Kocha aliyehesabu wanaobaki: kisa cha miaka sita kwenye chuo kidogo cha futiboli ya Kimarekani

Naongelea nini hapa

Hiki kisa nimekiona kwa karibu. Miaka hiyo nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye mji mmoja mdogo katikati ya Marekani, kule kwenye mashamba ya mahindi yasiyoisha, na chuo cha pale kilikuwa kinaniita kila kikitaka kuongea na familia za Wakongo waliohamia kufanya kazi kiwanda cha nyama. Baadaye wakanipa kazi ya muda kwenye idara ya michezo, makaratasi, mabasi, simu za wazazi. Jina la chuo siweki, la kocha siweki, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili wahusika wasitambulike. Kocha nitamwita Kocha M, kijana mmoja nitamwita J.

Naongelea futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Ukisema kocha wa chuo Marekani watu wanawaza wale wa kwenye TV wanaolipwa mamilioni, wale ni wachache sana. Kuna Divisheni ya tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilianzishwa 1973, ina vyuo zaidi ya 230 vinavyocheza futiboli, na huko hakuna mchezaji anayepewa ufadhili kwa sababu ya mpira. Hakuna kabisa, ni marufuku. Kijana analipa ada kama mwanafunzi mwingine yeyote, msaada anaopata unatokana na kipato cha wazazi wake au maksi zake, na kocha haruhusiwi kugusa maamuzi ya huo msaada. Shikeni hilo maana litarudi.

Sasa chuo kidogo cha binafsi kina shida gani? Kinaishi kwa ada. Kikosi cha futiboli kinabeba vijana 100 na zaidi, kwahiyo rais wa chuo akiangalia uwanja anaona ada 100. Ndo maana vyuo vingi vidogo vimeanzisha au kufufua timu, hata kama hazishindi, ili wavulana waje. Na presha inaongezeka maana watoto wa Marekani walizaliwa kwa wingi 2007, zaidi ya milioni 4.3, baada ya hapo idadi ikaanza kushuka. Wale wa 2007 walitimiza miaka 18 mwaka 2025. Kila chuo kidogo kinajua hiyo hesabu na kinaogopa.

Alivyoingia

Kocha M aliajiriwa Januari 2019 akiwa na miaka 41. Nyuma yake alikuwa amefanya kazi ya ukocha msaidizi kwenye vyuo vinne, kahama na mke na watoto wawili mara nne, kuna mwaka alilala kwenye kochi la ofisi wiki mbili kwa sababu nyumba ilikuwa haijapatikana. Aliniambia hii kazi aliikubali kwa sababu aliamini ngazi ipo. Mfano wake ulikuwa Lance Leipold, aliyechukua ubingwa wa Divisheni ya tatu mara 6 akiwa Wisconsin-Whitewater, akashinda mechi 109 na kupoteza 6, halafu akapanda kwenda kufundisha vyuo vikubwa vya divisheni ya juu, Buffalo (na baadaye, 2021, Kansas). Ngazi ipo kweli, ila wanaopanda ni wa kuhesabu kwa vidole.

Timu aliyoikuta ilikuwa imemaliza msimu kwa ushindi mmoja na vipigo tisa. Mkurugenzi wa michezo alimpa lengo moja tu kwa mdomo, alete wachezaji wapya 50 kila mwaka. Ushindi haukutajwa. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja unaohuishwa kila Desemba.

Mwaka wa kwanza, alitii

Alitii kweli. Kwa miezi saba alikuwa barabarani, shule za sekondari tatu hadi nne kwa siku, usiku anapiga simu. Agosti 2019 wakaripoti wapya 58, ukijumlisha na 34 waliokuwepo kikosi kikawa 92, na ofisini watu walifurahi sana, kulikuwa mpaka na keki.

Uwanjani wakashinda mechi 2 wakapoteza 8. Hilo halikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni daftari lake. Alikuwa na daftari la kijani, majina yote 58 yameandikwa kwa mkono, na kila kijana akiondoka anapiga mstari. Mwisho wa msimu walikuwa wamebaki 51, Januari 38. Ikaja korona, chuo kikafungwa Machi, Agosti 2020 NCAA ikafuta mashindano ya ubingwa ya Divisheni ya tatu ya msimu huo, na mihula ilipofunguliwa walibaki 27. Mistari 31 kwenye kurasa mbili za daftari. Nimeyaona kwa macho yangu.

Simu 31

Hapa ndo kisa kinapoanza kuwa na faida kwa mtu mwingine. Wakati wa kufungiwa ndani, makocha wengi walikuwa wanaangalia video za mechi na kupanga mbinu. Yeye akachukua daftari akaanza kuwapigia simu wote 31 walioondoka, mmoja mmoja, siyo kuwarudisha ila kuwauliza kwanini. Aliwapata 26. Alinionyesha majibu baadaye, na nilishangaa maana kila mtu pale chuoni alikuwa na uhakika kwamba vijana wanaondoka kwa sababu timu inafungwa.

Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. 11 walikuwa na deni dogo la ada lililobaki, jina likafungiwa kwenye mfumo wakashindwa kujisajili muhula unaofuata, wakaona aibu kuuliza, wakakaa nyumbani. 9 hawakuwahi kuvaa jezi ya mechi hata siku moja, basi la safari linabeba watu 50 na kitu, wao kila Jumamosi ya ugenini wanabaki bwenini wanaangalia wenzao kwenye simu. 4 waliumia au waliogopa kuumia mazoezini, mazoezini jamani siyo kwenye mechi. 2 walikuwa na mambo ya kifamilia.

Maamuzi aliyofanya na kwanini

La kwanza, alipunguza idadi ya wapya makusudi. Badala ya kusaka 50 akasema 40 hivi, ila kila familia itembelewe nyumbani na hesabu ya ada ya miaka yote minne iwekwe mezani kabla kijana hajalipa kishika nafasi. Sababu yake ilikuwa hiyo ya madeni. Kijana anayekuja akijua mwaka wa pili atadaiwa kiasi gani ana nafasi kubwa ya kuwepo mwaka wa pili.

La pili, mechi za Jumatatu. Aliwapigia makocha wa vyuo jirani wakakubaliana vikosi vya pili vicheze Jumatatu jioni, bila mbwembwe, waamuzi wawili watatu, wazazi 20 kwenye viti vya mbao. Kila kijana kwenye kikosi akavaa jezi na kucheza angalau mara tatu kwa msimu. Gharama yake ilikuwa mafuta ya magari na kufua jezi, na kazi ya kufua aliifanya yeye na msaidizi mmoja usiku wa Jumapili.

La tatu lilileta kelele. Alikata mazoezi ya kuangushana. Ndani ya msimu hakuna kumbwaga mwenzako chini, mnajifunza kwa magodoro na hatua. Wazee waliowahi kuchezea chuo walikasirika, wakasema anafuga vijana laini. Yeye hakuwa amebuni, alikuwa anamfuata John Gagliardi wa Saint John's ya Minnesota, ambaye hakutaka kuangushana mazoezini na alistaafu 2012 akiwa na ushindi 489, hakuna kocha wa futiboli ya vyuo aliyefika hapo. Dartmouth nao chini ya Buddy Teevens walianza hivyo 2010, na 2016 vyuo vyote vya Ivy League, lile kundi la vyuo vinane maarufu ambalo Dartmouth wamo, vikaacha kuangushana kwenye mazoezi ya msimu. Kocha M alikuwa anawajibu wale wazee kwa upole kabisa, anawaambia mimi nina wachezaji 90 na mtabibu mmoja, kila kichwa kinachotikisika Jumanne ni kijana mmoja asiyeenda darasani wiki nzima.

La nne, kila kocha msaidizi akapewa vijana wake wa kuwafuatilia masomo, na Jumapili jioni kuna meza ya kusoma, simu zote kwenye ndoo.

Jikoni kwa Mama J

Familia niliyoikumbuka zaidi ni ya Mama J. Wametoka Kivu Kusini, wamepita kambi Burundi, baba anafanya usiku kiwandani. J alikuwa mkubwa, mpole, anacheza mstari wa mbele pale wanapozuia. Tulienda mimi na Kocha M Februari 2021, tumevaa barakoa, tukakaa jikoni, sufuria ya maharage iko jikoni inachemka na yeye Mama J anakata sombe huku anasikiliza. Swali lake la kwanza halikuwa ada. Aliweka kisu chini akamwangalia kocha, "Papa kocha, mutoto yangu akivunjika kichwa, nani atalipa?"

Kocha M alijibu vizuri. Akaeleza kwamba NCAA inataka kila mchezaji awe na bima ya kuumia mchezoni mpaka dola 90,000, kuanzia hapo inaingia bima yao ya majanga makubwa, kwamba bima ya familia ndiyo inayoanza kulipa na ya chuo inafuata. Akaeleza mazoezi yake yakoje. Mama J akauliza maswali mengine manne, yote ya maana, halafu akapakua chakula.

Kosa lilitokea mwishoni na mimi nimo ndani yake. Hesabu ya ada ilionyesha kwamba hata na Pell Grant, ule msaada wa serikali kwa wanafunzi wa familia za kipato kidogo, ambayo mwaka ule kiwango cha juu kilikuwa dola 6,495, na misaada ya chuo, bado kuna pengo la dola 4,300. Mama J akauliza hizi je? Kocha akajibu kwa Kiingereza kwamba atawauliza watu wa fedha. Mimi nikatafsiri "atalishughulikia." Nilichoka, ilikuwa saa tatu usiku, na kwa masikio yangu yalikuwa maneno mamoja. Kwa mama aliyekuwa mbele yangu kushughulikia maana yake jambo limeisha.

Agosti wakaja wote, baba, mama, wadogo watatu, gari limejaa godoro na sufuria, na pale dirishani wakaambiwa wana deni la dola 4,300 kabla kijana hajapewa ufunguo wa chumba. Mama J hakupiga kelele. Alinigeukia mimi akasema tu, "Mwanangu, si ulisema?" Hilo sijalisahau.

Kocha hakuweza kufanya kitu upande wa fedha, sheria za Divisheni ya tatu zinamkataza kabisa kujihusisha na maamuzi ya msaada wa mchezaji wake, na kwa kweli ni sheria nzuri. Alichofanya ni kuwasindikiza mpaka ofisi ya fedha akatoka nje ya mlango. Ofisi ikawapangia malipo ya miezi kumi na J akapata kazi ya maktaba. Kuanzia siku ile kukawa na utaratibu mpya, hakuna kuongelea hela nyumbani kwa mtu bila ofisa wa fedha kuwa kwenye simu, na mimi nikapewa karatasi ya maneno ya fedha kwa Kiswahili ambayo tuliiandaa na yule ofisa neno kwa neno. "Atauliza" ni atauliza.

2021 mpaka 2024

Uwanjani: 2021 wakashinda 3 wakapoteza 7. 2022 nusu kwa nusu, 5 na 5. 2023 wakashinda 7 wakapoteza 3, msimu bora pale kwa miaka mingi, na kikosi kikafika 104.

Wakati huohuo viongozi wakabadilika. Mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri alistaafu 2022, 2023 akaja rais mpya wa chuo. Hawa wawili wapya walikuta kwenye faili kitu kimoja kuhusu Kocha M, lengo la wapya 50, na pembeni namba zake: 41 mwaka 2022, 38 mwaka 2023. Anafeli lengo, miaka miwili mfululizo. Daftari la kijani hawakuwahi kuliona, hakuna aliyewaonyesha.

Halafu ikaja balaa la fomu za msaada wa serikali. FAFSA, ndo jina la hiyo fomu, kawaida inafunguliwa Oktoba, ile ya mwaka wa masomo 2024-25 ikafunguliwa mwisho wa Desemba 2023, na vyuo vikaanza kupata taarifa Machi 2024, nyingine zikiwa na makosa. Kwa kocha ambaye mpango wake wote ni kuweka hesabu ya ada mezani kabla familia haijaamua, hiyo ilikuwa kukatwa mikono. Alikuwa anaenda kwenye majumba ya watu hana namba. Familia zikaenda vyuo vya jimbo vya bei nafuu au zikaacha kabisa. Majira hayohayo ya kuchipua wasaidizi wake wawili wakaondoka kwa sababu ya mshahara, wakaondoka na mahusiano ya shule walizokuwa wanazifuatilia. Agosti 2024 wapya wakawa 29.

Wakashinda 6 wakapoteza 4. Desemba akaitwa, mkataba haukuhuishwa. Mazungumzo yalichukua dakika kumi na tano hivi.

Kilichofanya kazi

Tuweke namba sambamba. Kundi la 2019: mwaka wa kwanza 58, wa pili 27, wa tatu 20, wa nne 15. Ukihesabu kila kijana kwa kila mwaka aliolipa, jumla ni miaka 120 ya ada. Kundi la 2022: 41, halafu 34, halafu 31, na vuli ya 2025, yeye akiwa ameshaondoka, walikuwepo 28. Jumla 134. Yaani vijana 17 pungufu wameleta ada nyingi zaidi, na waliokaribia kumaliza shahada ni karibu mara mbili.

Ila angalia inavyoonekana mwaka kwa mwaka. Ukihesabu miaka miwili ya kwanza, kundi la 2019 lina 85 na la 2022 lina 75, kwahiyo njia ya kusomba watu inaonekana bora. Miaka mitatu, 105 kwa 106, sare. Faida inatokea mwaka wa nne tu. Na huyu mtu alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa anajenga kitu kinachoiva mwaka wa nne huku anapimwa kila Desemba.

Lazima niseme pia korona ililiumiza kundi la 2019, siyo haki kuliweka lote kwenye njia ya ukocha. Lakini 20 kati ya wale 58 walishaondoka kabla hata ya korona, Januari, na hao peke yao ni wengi kuliko wote 13 waliolitoka kundi la 2022 kwa miaka mitatu.

Zile simu 31 naona ndiyo kazi bora aliyofanya pale, kuliko hata msimu wa 7 na 3. Chuo kizima kilikuwa na jibu la kukisia, yeye akaenda kuuliza. Na mechi za Jumatatu zilikuwa dawa ya bei rahisi ajabu, kijana wa miaka 18 ambaye mama yake amemwona amevaa jezi mara moja ni mtu mwingine kabisa.

Kilichofeli

Nampenda huyu mtu lakini alifanya makosa na yeye anayakubali.

Kubwa kabisa, alibadilisha lengo kichwani mwake bila kulibadilisha kwenye karatasi. Yule mkurugenzi wa kwanza alimwelewa, walikuwa wanakunywa kahawa pamoja, wakakubaliana kwa mdomo kwamba 40 wanaokaa ni bora. Mkurugenzi akastaafu na makubaliano yakastaafu naye. Kocha M alikuwa na miezi mingi tu kati ya 2022 na 2024 ya kumpelekea bosi mpya ukurasa mmoja wenye hizo namba, hakufanya, aliamini ushindi utaongea. Kwenye chuo kinachohesabu ada ushindi hauongei sana.

Pili, alibeba kila kitu mwenyewe. Kufua jezi usiku, kuendesha gari, kupiga simu zote ngumu. Wasaidizi wakaona kazi haina mwisho na mshahara hautoshi, na walipoondoka hakuna kitu kilichokuwa kimeandikwa, nani anajuana na shule gani, familia gani iliahidiwa nini. Daftari moja la mkono ni hatari.

Tatu, mpango wake ulitegemea taarifa za msaada zifike kwa wakati, na hakuwa na njia ya akiba zisipofika. Kuna vyuo jirani 2024 vilitoa makadirio ya mkono kwa familia, yakiwa na onyo kubwa juu kwamba siyo ya mwisho. Ofisi yetu ilikataa na yeye hakusukuma.

Na suala la kosa langu jikoni kwa Mama J siliweki kama la kwangu peke yangu, maana mkalimani kutumwa kwenye mazungumzo ya fedha bila kuandaliwa ni kosa la utaratibu, ila neno lilitoka mdomoni mwangu.

Wako wapi sasa

J alimaliza Mei 2025. Kocha M alikuja kwenye mahafali, aliendesha gari kwa masaa matano, hakukaa na watu wa idara, alikaa safu ya nyuma na Mama J na wale wadogo watatu. Mimi nilikuwa katikati yao natafsiri majina yanavyosomwa, ingawa kusema kweli J alipoitwa hakuna aliyehitaji tafsiri.

Sasa hivi Kocha M anafundisha shule ya sekondari jimbo jingine, ila mwezi uliopita alinipigia, amepata ofa ya chuo kingine kidogo, Divisheni hiyohiyo ya tatu. Hajasaini bado. Amewaomba waandike kwenye mkataba kwamba atapimwa kwa vijana wanaofika mwaka wa tatu, na mkataba wenyewe uwe wa miaka minne. Wamemjibu kwamba kuhusu miaka minne wanaweza kuongea, hilo jingine wanalipeleka kwa mwanasheria.